Wivu wa Witeithie

Ruiru,
11 Februari 2024

Dada Mbithe,

Nakusalimu wewe na Ronny. Sisi huku tuko, jua ni kali na maji ya mfereji huja yakijisikia. Mwaitu, mama yetu, bado yuko hapa kwangu tangu Krismasi. Goti lake limepoa kidogo na anakusalimu, kama ambavyo bwanangu Erastus anakusalimu. Barua hii atakuletea binamu yetu Musembi akirudi Thika na gari lake la mananasi. Nimemwambia akuwekee mkononi, asiwaachie wateja wa kibandani.

Usishangae karatasi. Simu umeniblock tangu tuzozane kwa matanga ya mjomba, na ukimpigia Mwaitu husemi hata "mpe Nzisa." Kwa hivyo nimerudi kwa kalamu kama watu wa zamani.

Dada, siko sawa. Tangu shule zifunguliwe sijaingia darasani. Mwanzo nilidhani ni malaria, nikapimwa, hakuna. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Chai inapoa mbele yangu nikiiangalia. Watoto wangu wa Grade Four, nikiwafikiria nasikia uzito tu. Siku zingine nasikia heri nisingeamka, na hilo sijamwambia Mwaitu wala Erastus. Mwalimu mkuu amenivumilia, lakini amesema nisipoleta karatasi ya kueleza ninaugua nini na ninatibiwaje, muhula wa tatu darasa langu atampa mwingine.

Nimeanza kwenda kwa mwanasaikolojia anayeitwa Bi Nafuna. Ni mtu wa Bungoma, mpole, anasikiliza kuliko anavyoandika. Nilidhani ataniambia siku hiyo hiyo nina nini. Akasema hakuna mashine ya kuonyesha ugonjwa wa akili. Damu amenituma nipimwe, lakini ni ya kuhakikisha tu kwamba si tezi ya shingo inayonichosha. Mengine yote hutoka kwa maneno, yangu na ya watu walioniona. Sasa anataka mtu wa damu aliyeishi nami kabla sijaolewa, na mtu huyo ni wewe. Tulilala kitanda kimoja pale Kalimoni mpaka ulipoolewa.

Njoo, dada. Ni kukaa na kuongea tu.

Mdogo wako,
Nzisa


Thika,
3 Machi 2024

Nzisa,

Barua ilifika. Ilikaa kwenye mkebe wa chumvi mpaka leo. Ronny ni mzima, amepata kibarua cha kupakia mizigo kiwandani. Kibanda kinaenda. Watu wa mtaa wetu wa Kiandutu wakikosa pesa ya nyama hukumbuka muthokoi wangu wa mahindi na maharagwe, kwa hivyo mwezi huu nimekumbukwa sana.

Kumbe goti la Mwaitu lilikuwa linauma. Nimefurahi kuambiwa na karatasi, maana yeye mwenyewe hakuniambia. Nilipomzaa Ronny nilimwomba mama yangu mzazi aje anikalie hata kidogo. Akasema Kiandutu kuna matope na yeye ni mtu wa kifua. Kwani Ruiru hakuna matope? Ama matope ya Ruiru yamewekwa vigae?

Baba Ronny alipokufa nililala uso ukutani, mtoto akipikiwa na majirani. Unajua Mwaitu alisema nini? "Mbithe tangu zamani ni mzito." Hiyo ndiyo ilikuwa hospitali yangu. Hakuna Nafuna aliyekuja kuniuliza nalalaje. Wewe ukilala ni ugonjwa, mimi nikilala ni uvivu. Chanda chema huvikwa pete, na mimi nilijua mapema ni chanda kipi.

Kuja siji. Mwambie huyo mama ulikuwa mtoto mzuri, ulipita mitihani na ukapendwa na watu wote. Si Mwaitu husema nyota njema huonekana asubuhi? Basi Mwaitu aende akaongee. Maneno matamu juu yako anayo kuliko mimi.

Lakini hilo la kutoamka usilifanyie mchezo. Mwambie Erastus leo, usingoje kesho. Na huyo Bi Nafuna pia umwambie kama ulivyoniambia mimi.

Mbithe


Ruiru,
24 Machi 2024

Dada Mbithe,

Nimefurahi Ronny amepata kazi. Mvua imeanza, na Mwaitu amepanda sukuma kwenye magunia mlangoni. Hasira zako nimezisoma zote. Mimi Mwaitu sikumwita, alikuja mwenyewe.

Erastus nilimwambia lile neno siku ile ile Musembi aliponipa barua yako. Alilia, halafu akanipeleka kwa Bi Nafuna bila kungoja siku yangu. Bi Nafuna hakushtuka. Aliniuliza waziwazi kama nimepanga namna ya kujidhuru na kama nyumbani kuna kitu cha kutumia. Sikujua mtu anaweza kuulizwa hayo kwa sauti ya kawaida, na kule kuulizwa kukanipunguzia mzigo. Sasa Erastus ndiye anayefungia dawa zote za nyumba, na tuna namba ya kupiga nikizidiwa.

Hujauliza lakini najua unataka kujua hufanya nini mle ndani. Kuna maswali ya kujaza. Kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa raha ya kufanya mambo? Umekosa usingizi, au umelala kupita kiasi? Umejiona bure? Unajibu kama ni siku chache tu, au ni karibu kila siku, na kila jibu lina alama zake. Nilipomaliza nikadhani alama ndizo jibu. Akasema hapana, hizo ni kama kushika mtoto paji la uso. Utajua ana homa, hutajua homa ya nini.

Halafu akaniuliza kama nimewahi kuwa na wakati wa kinyume, silali na sichoki, maneno yanakimbia, najiona naweza lolote, nagawa vitu. Nikasema hapana, mimi ni mtu mtulivu. Erastus akasema hapana. Mwaitu aliingia peke yake akakaa sana, akatoka akijifuta macho. Nikamwuliza amesema nini. "Nimemwambia hujawahi kunipa shida."

Bi Nafuna alimshukuru, lakini bado hajaridhika. Anasema kuna magonjwa mawili ambayo kwa huzuni yanafanana sura, na dawa ya mmoja inaweza kuuamsha ule mwingine. Hataki kutaja jina kabla hajayatenganisha, na bado anaomba ndugu.

Erastus amechoka kungoja. Amenipeleka kliniki moja ya barabarani, wakanisikiliza kidogo wakanipa vidonge vya huzuni. Nimeanza kuvimeza juzi. Bi Nafuna hajui.

Tafadhali njoo.

Nzisa


Thika,
14 Aprili 2024

Nzisa,

Huku maji yameingia mpaka kwa meko, tumeinua godoro juu ya meza. Ronny ni mzima. Mimi pia ni mzima, kwa vile hakuna aliyeuliza.

Nilisoma maswali yako nikichambua maharagwe, nikajikuta najijibu. Usingizi ni mbaya. Chakula nakula nikikumbuka. Kujiona bure ni karibu kila siku, tangu Ronny akiwa chekechea. Nikajumlisha. Nzisa, alama zangu zingepita zako. Kwa mara ya kwanza maishani ningekushinda mtihani, na hakuna mtu wa kusahihisha.

Unajua kinachoniuma? Kuugua kwako nakupa pole, na nasema kwa moyo. Kinachoniuma ni viti. Wewe ukiugua kila mtu anavuta kiti akae karibu. Mwaitu ana kiti, bwana ana kiti, na sasa hata mgeni wa Bungoma ana kiti. Mimi nikiugua watu husimama mlangoni wakauliza kama muthokoi umeiva.

Leo ndio mnanitaka. Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Huyo mama akitaka kunijua aje Kiandutu na buti za mvua.

Na hivyo vidonge mwambie. Hata kuku hapewi dawa mbili na watu wawili wasiojuana.

Mbithe


Ruiru,
28 Aprili 2024

Mbithe, Mbithe, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama, wangu wa pekee,

Nimepona. Nimepona kabisa, niliamka siku moja na ule uzito hauko, umeondoka kama mgeni aliyeona aibu, na sasa naona kila kitu, naona rangi za majani, naona watu walivyo wazuri, hata kondakta wa leo nilimwambia ni mzuri na akacheka. Nimetoa ushuhuda kanisani asubuhi hii, niliambiwa dakika chache nikaongea mpaka watu wakasimama, mama mmoja akaanguka, pasta akanishika mkono akasema moto umerudi. Mwaitu alicheza, dada, na goti lake lile, alicheza.

Naacha kufundisha shule za watu. Naanza yangu, nimeshaona kiwanja huku Kimbo na nimeongea na mwenyewe, itakuwa na bweni na maktaba na wewe utasimamia jikoni, hapana, jikoni ni dharau, wewe utakuwa mkurugenzi, Ronny atakuwa dereva wa basi na Mwaitu atakata utepe. TV nimempa mjane wa nyumba ya nyuma kwa sababu mimi ya kazi gani? Erastus amenuna lakini Erastus ni mtu wa kuhesabu na mambo haya hayahesabiwi. Kwa Bi Nafuna siendi tena, ataniuliza nini na nimepona, siku yangu ilipita nikiwa na watu wa kiwanja.

Mkono hauwezi kufuata maneno. Ni kama zile siku za Witeithie. Unakumbuka Witeithie, Mbithe? Mbingu ilikuwa karibu mtu aweze kuigusa, na sasa imekaribia tena, na safari hii nitakuinua na wewe uiguse.

Nzisa wako, Nzisa wa Bwana


Thika,
2 Mei 2024

Nzisa,

Hata hukunisalimu. Tangu Mwaitu atufundishe kuandika barua hujawahi kuanza bila salamu. Haya, mimi nakusalimu. Maji yametoka kwa nyumba, yameacha harufu.

Unaniuliza kama naikumbuka Witeithie. Siwezi kuisahau hata mtu anilipe. Ulikuwa umemaliza Form Four. Ukasimama kwenye krusedi, ule mkutano wa injili wa Witeithie, kutoa ushuhuda, na hukukaa tena. Watu wakatoka Juja na Kalimoni yote kuja kukusikiliza. Pasta akakuita binti wa moto. Mwaitu akakushonea gauni jeupe kwa kitambaa changu mimi, nilichokuwa nimeweka cha siku wakwe watakapoleta mbuzi wa ntheo, wa kufunga uchumba wangu. Cherehani yangu niliyoipata kwa kuchuma kahawa, nikitaka niwe fundi wa nguo, uliibeba ukampa mwanamke mjane mbele ya umati, na umati ukashangilia. Mimi nilikuwa nyuma na ndoo ya maji ya waimbaji. Nikarudi nyumbani nikalia. Mwaitu akaniambia, "Usimwonee mwenzio wivu, hiyo ni sadaka." Sadaka ya nani? Ilitoka mfukoni mwa nani? Leo nauza muthokoi kwa sababu ya sadaka hiyo.

Ndiyo, nilikuonea wivu. Nilikuonea mpaka chakula kikakosa ladha. Nilikuwa nakuangalia kila dakika, kwa maana mwenye wivu hana kazi nyingine. Kitandani upande wako ulikuwa baridi, wewe ukitembea uani ukiimba. Wengine wa krusedi wakikesha, kesho yake wanasinzia kwenye benchi. Wewe hukusinzia. Chakula ulikuwa unaonja na kusukuma. Uliongea mpaka sauti ikakatika, ukaendelea kwa kunong'ona. Ulikuwa ukianza wimbo, na kabla haujaisha umeingia mwingine. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia pasta, "Huyu mtoto apumzishwe." Nilimsikia mimi. Mwaitu hakutaka kumsikia. Nikasema moyoni, wacha, yeye ni mteule na mimi ni wa ndoo.

Halafu ikaisha kama stima inavyopotea. Ulilala uso ukutani mpaka mahindi yakavunwa. Mwaitu akawaambia watu umefunga na kuomba, na mimi ndiye niliyekuwa nakuosha na kukushika mkono kwenda choo.

Sasa moto umerudi, na tena ni kwako. Tena Mwaitu anacheza, tena vitu vinagawanywa, tena ni Nzisa na mbingu yake, na mimi naahidiwa ukurugenzi wa hewa.

Nimeacha kuandika nikaenda kuipua sufuria. Nimerudi nikasoma nilichoandika hapo juu. Nzisa, nijibu neno moja, mengine yote yangoje. Unalala?

Mbithe


Thika,
9 Juni 2024

Nzisa mdogo wangu,

Pole na huko wodini. Erastus anasema umeanza kula, na kwamba simu hawaruhusu, kwa hivyo leo ni mimi ninayehitaji karatasi. Simu nimekufungulia, utaona ukitoka. Ronny ameniambia nikuandikie kwamba basi ataendesha siku moja, usijali.

Wewe hukujibu swali langu. Badala ya jibu, Musembi alirudi na jiko lako la gesi na mtungi wake, ati Nzisa amesema ni la Mbithe. Nikajua. Nilifunga kibanda chungu kikiwa motoni nikaja. Nilikukuta mlangoni ukiwahubiria wapangaji wenzako wa ploti, umevaa gauni la harusi, sauti imekwisha, midomo imepasuka. Uliniona ukanikumbatia ukasema, "Mkurugenzi wangu." Sidhani unakumbuka, na kama unakumbuka, usione haya. Erastus alimpigia Bi Nafuna, na kwa taratibu tukakufikisha hospitali.

Nataka ujue yaliyosemwa siku hiyo, usije ukaambiwa na mwingine.

Bi Nafuna alituweka chumbani, Mwaitu, Erastus na mimi. Akaniomba nieleze ulivyokuwa msichana. Nikaanza na Witeithie. Mwaitu hakuniacha nimalize. Alisimama akasema, "Usimsikilize huyu. Ana wivu. Tangu dada yake azaliwe ana wivu, na sasa anataka kuchafua kazi ya Mungu."

Nilisikia uso unawaka, Nzisa. Kuitwa hivyo na mama yako mbele ya mgeni, tena iwe ni kweli. Nilishika mkoba niondoke. Halafu nikasema, "Ni kweli, nina wivu. Nyinyi mliompenda mliona mlichotaka kuona. Mimi nilikuwa natafuta makosa yake, kwa hivyo niliona yote."

Bi Nafuna hakucheka wala hakunikemea. Akasema, "Basi keti uniambie yote." Na akauliza vizuri, kumbe kuuliza ni kazi. Ilianza ghafla ama polepole? Kuna kitu ulikuwa unakunywa ama kuvuta? Uliwahi kulala mchana kufidia? Watu wa kanisa wenyewe waliona ni kawaida ama imezidi? Iliisha vipi, na ulikaa chini kwa muda gani? Kila alichouliza nilikuwa nacho. Nimekitafuna miaka yote hii, ningekosaje?

Mwaitu akamwuliza, "Kwa hivyo unasema mtoto wangu hakuokoka?" Bi Nafuna akamjibu kwa heshima, "Mama, kama Mungu alikuwepo hilo si swali langu, na sina kipimo chake. Wengi waliguswa kwenye krusedi ile, wakarudi nyumbani wakalala. Mimi nauliza kwa nini huyu mmoja hakulala." Mwaitu akafunika uso kwa leso.

Hapo ndipo Erastus alipotaja vile vidonge. Bi Nafuna akafumba macho kidogo. Akasema vidonge vya huzuni vikiwa peke yake vinaweza kumrusha mtu juu, kama ni mtu wa aina fulani, na ndiyo sababu alikuwa akiomba ndugu. Akampigia daktari wa akili hapo hapo, kwa sababu yeye mwenyewe haandiki dawa.

Mwaitu hajaniongelesha tangu siku hiyo. Amebaki kwako kulinda nyumba. Kwangu hakufika, na kutoka kwako hadi kwangu ni nauli ya mtu mzima tu. Ona, hata leo nimeshindwa kumaliza barua bila hilo.

Kula chakula chote wanachokupa.

Mbithe


Ruiru,
21 Julai 2024

Dada Mbithe,

Nakusalimu kwanza, usije ukaniambia nimesahau. Salamu kwa Ronny na kwa wateja wote wa muthokoi. Nimerudi nyumbani. Mjane alirudisha TV mwenyewe bila kuambiwa, na watu wa kiwanja Erastus ameongea nao yakaisha. Ningekupigia, simu naona umefungua kweli, lakini haya siwezi kuyasema kwa mdomo.

Bi Nafuna alitukalisha akataja jina. Baipola, ugonjwa wa kupanda na kushuka. Akatueleza alivyofika. Huzuni peke yake isingemwambia. Aliweka ile ya chini na ile ya juu pamoja, ya sasa na ya wakati ule, na ya wakati ule hakuna aliyeileta ila wewe. Daktari amenipa dawa zingine. Zinanipa kiu, na kalamu inatetemeka kidogo kama unavyoona, lakini nalala. Mwalimu mkuu amesoma karatasi na kunikubalia muhula wa tatu, nianze na nusu ya vipindi. Kwa hivyo darasa langu liko, na ni wewe umeliokoa. Asante, dada. Nimeandika asante na naona ni neno dogo.

Lakini nina hasira pia, na sijui nimpelekee nani.

Kila nilipoanguka maishani nilikuwa na mahali pa kushika. Nilipokosa mimba, nilipokosa uhamisho, hata Februari nikiwa nimelala na chai inapoa, nilijiambia, niliwahi kusimama Witeithie. Niliwahi kuwa mtu ambaye watu walitembea kwa miguu kuja kumsikia. Sasa nimepewa darasa na Witeithie imechukuliwa. Imekuwa dalili. Erastus akisikia nikilitaja jina hilo ananiangalia macho kama anayenipima joto. Mwaitu ndiye aliyekuwa akiisimulia kila Krismasi, na sasa haitaji kabisa. Lile gauni jeupe ameliondoa sandukuni, sijui amelipeleka wapi na siwezi kuuliza.

Bi Nafuna anasema nina haki ya kuiomboleza. Lakini nitaomboleza na nani? Wote walioishangilia wameionea aibu. Umebaki wewe tu, uliyeichukia tangu mwanzo, na chuki yako haijabadilika.

Kwa hivyo nakuuliza, na usinionee huruma ya mgonjwa. Wewe uliyesimama nyuma, kulikuwa na kitu pale cha kuonewa wivu? Kama kilikuwepo, nakuomba usiache kunionea.

Mdogo wako,
Nzisa


Thika,
11 Agosti 2024

Nzisa,

Nakusalimu, Ronny anakusalimu, na Musembi anasema amechoka kuwa posta. Huku kumekauka, vumbi ndilo limechukua zamu. Mwaitu amenitumia salamu kwa mdomo wa mtu. Nimezichukua. Bi Nafuna naye aliniambia nirudi nikae, safari hii si kwa ajili yako. Nimeenda. Ameniuliza yale maswali yote na bado hajanipa jina, anasema hana haraka na mimi. Sijazoea kusubiriwa.

Sasa hilo ulilouliza.

Bi Nafuna nilimwambia kila alichotaka kujua. Kuna moja hakuuliza, na sijawahi kumwambia mtu. Jioni ile ya kwanza, kabla maneno hayajaanza kukukimbia, uliongea polepole. Ulisema Mungu anawajua kwa majina wale wanaosimama nyuma. Hukuwa unanitazama, hata hukujua nipo. Niliweka ndoo chini nikanyoosha mkono kama wanaookoka. Pasta hakuniona, kulikuwa na giza upande huo. Tulipomzika baba Ronny, watu wakirudi makwao, neno hilo ndilo nililokuwa nalo. Kama lilitoka kwa ugonjwa sijui, hayo mwulize Bi Nafuna. Mimi nililipokea nikiwa na akili zangu timamu.

Kitu kilikuwepo. Kilikuwa kizuri kuliko chochote kilichowahi kutokea nyumbani kwetu, na kilipita kinywani mwako, si kwangu. Hilo sijakusamehe. Nilikuonea wivu usiku ule na nakuonea hata sasa nikiandika, na sina mpango wa kuacha.

Meza dawa ulale.

Mbithe